Barua ya wazi kwa Gavana na wabunge wa Massachusetts: Wauzaji wa stima wa mlangoni wafungiwe mlango

Lowell, Massachusetts
Januari 2025

Kwa Mheshimiwa Gavana Maura Healey, Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu Andrea Campbell, waheshimiwa maseneta na wawakilishi, na makamishna wa Idara ya Huduma za Umma,

Kila Jumapili baada ya ibada mimi huketi kwenye meza ya nyuma ya ukumbi wa kanisa letu, karibu na birika la chai, na watu huniletea barua zao. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nilianza kwa kumsomea mama mmoja barua ya shule ya mjukuu wake, habari ikasambaa, na sasa chai yangu hupoa kabla sijaigusa. Wananiletea barua za hospitali, za bima, za mwenye nyumba. Lakini bahasha ninazozijua hata kabla hazijafunguliwa ni za stima.

Bili ya stima ya jimbo hili ina sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama ya kukufikishia umeme: nguzo, nyaya, mita, na mafundi wanaopanda juu theluji ikiangusha matawi. Hiyo huwezi kuikwepa, maana nyaya ni za kampuni moja tu katika mtaa wako. Ya pili ni gharama ya umeme wenyewe, kwa kila uniti uliyotumia, na hiyo inaweza kuuzwa na kampuni nyingine ya pembeni, isiyo na nyaya, iliyokusainisha mkataba mlangoni. Mimi huenda moja kwa moja kwenye sehemu hiyo ya pili na kutafuta jina. Nikiona jina la kampuni ya stima tunayoijua sote, naendelea na mambo mengine. Nikiona jina geni, naweka miwani sawasawa na kumuuliza mwenye bili: "Nani alikuja nyumbani kwako?"

Kwanza hukana. Baadaye hukumbuka. "Alikuja kijana mmoja mwenye beji shingoni. Alikuwa na adabu sana."

Ninawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Ninyi mna wakalimani, na barua hii itawafikia ikiwa imetafsiriwa. Waliotuuzia mikataba hii walituletea Kiswahili mlangoni, kisha karatasi zikaja na Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, kwa herufi za kutafutwa kwa kioo. Nataka watu wangu waisome barua hii kabla yenu.

Mheshimiwa Gavana, haya si mageni kwako. Machi 2018, ukiwa Mwanasheria Mkuu, ofisi yako ilitoa ripoti iliyopiga hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameipiga kabla: wateja wa majumbani walionunua umeme kwa wauzaji hawa wa pembeni walilipa nini, na wangelipa nini kama wangebaki na kampuni yao ya stima. Katika miaka 2, kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2017, walipoteza dola milioni 176.8. Hukuomba marekebisho madogo siku ile. Ulilitaka Bunge lifunge kabisa biashara ya kuuzia nyumba moja moja. Mheshimiwa Campbell aliichukua kazi hiyo na kuiendeleza, na hesabu ya kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2021 ikafika dola milioni 525.

Nimeuandika mwaka 2018 mara mbili kwenye daftari langu ili nisijidanganye. Mtoto aliyezaliwa mwezi ripoti ile ilipotoka sasa yuko shuleni na anajua kusoma.

Niseme yangu kwanza, nisije nikaonekana naongea ya watu. Mimi hufanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hurudi asubuhi, hulala saa tatu, na mtu akibonyeza kengele saa sita mchana huamka nikiwa nusu binadamu. Hivyo ndivyo nilivyonaswa. Kijana aliyesimama pale alikuwa wa kwetu, nilimjua kwa lafudhi hata kabla hajamaliza kusema shikamoo. Aliniambia anapitia nyumba za mtaa ule kuangalia kama tunapata bei tunayostahili. Hakusema anauza kitu. Aliomba bili. Na mimi niliyelelewa kwamba mgeni hafukuzwi mlangoni, tena kijana wa nyumbani aliyenisalimia vizuri kwenye baridi ile, nikamletea.

Alichokuwa anatafuta kwenye karatasi ile ni namba ya akaunti. Nilikuja kulielewa hilo baadaye sana. Namba ile ndiyo ufunguo. Muuzaji akiwa nayo pamoja na jina lako, anaweza kuiambia kampuni ya stima kwamba kuanzia mita itakaposomwa tena, wewe ni mteja wake. Kampuni ya stima haikupigii simu kuuliza kama ni kweli.

Ikaja simu ya uthibitisho. Mashine inauliza, wewe unajibu. Kijana alininong'oneza, "Sema yes kwa kila swali, ni utaratibu tu." Nikasema yes, yes, yes. Sauti yangu imehifadhiwa mahali fulani mpaka leo kama ushahidi kwamba nilielewa kila kitu. Nilielewa kwamba nataka kurudi kulala.

Miezi ya mwanzo bei ilikuwa chini kidogo kuliko ya kampuni ya stima, chini kwa kiasi kisichonunua hata kikombe cha chai, na nikajiona mjanja. Kisha muda wa bei ile ukaisha. Mkataba ulisema mahali fulani kwamba ukiisha unajiendeleza wenyewe, na bei inakuwa ya kupanda na kushuka. Sijawahi kuiona ikishuka. Nilipokuja kugundua nilikuwa nalipa karibu senti 6 zaidi kwa kila uniti. Nyumba inayotumia uniti 600 kwa mwezi, senti 6 ni dola 36 kwa mwezi, dola 432 kwa mwaka. Umeme ni ule ule, umepita nyaya zile zile, na ukikatika unampigia yule yule uliyekuwa ukimpigia zamani. Muuzaji hana nguzo hata moja.

Mtu wa nyumbani atashangaa mtu anawezaje kuibiwa hivyo kwa miezi bila kujua. Huko ukinunua tokeni unaona uniti zako papo hapo. Zikipungua kwa pesa ile ile, unapiga kelele siku hiyo hiyo. Hapa unatumia kwanza, bili inakuja baadaye, na bei ya uniti iko katikati ya mistari mingi. Bili ikipanda Januari unalaumu baridi. Ikipanda Julai unalaumu joto. Sheria inakupa siku 3 za kazi kuvunja mkataba wa mlangoni. Siku 3! Bili ya kwanza yenye jina geni inaweza kuchukua mwezi mzima au zaidi kufika, na ile yenye bei mbaya inakuja baada ya nusu mwaka.

Mimi nina mshahara, na nilitoka. Nisingeandika barua kwa ajili ya dola zangu. Ninaandika kwa sababu ya mama ambaye kuanzia hapa nitamwita Mama tu, kwa kuwa hataki jina lake lionekane, na kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye bili yake ambacho kilinichukua wiki kadhaa kukielewa.

Mama ana umri wa miaka zaidi ya 70. Alikuja kama mkimbizi, baada ya miaka mingi kambini. Yumo kwenye orodha ya wenye kipato cha chini, kwa hiyo bili yake ya stima hukatwa punguzo. Ripoti za Mwanasheria Mkuu zinaonyesha kwamba nyumba kama yake huingizwa kwenye mikataba hii kwa takriban mara mbili ya kiwango cha nyumba nyingine, na kwamba mitaa yenye watu wengi wasiojua Kiingereza vizuri ndiyo inayopitiwa zaidi. Kijana aliyekwenda kwake alimwambia anaangalia kama punguzo lake la serikali limewekwa. Mama alisikia neno "serikali" akatoa karatasi zote. Kambini, mtu mwenye beji akiomba karatasi, unatoa.

Sasa tazameni jinsi pesa zinavyotembea, maana hapa ndipo penye uozo. Muuzaji wa pembeni hamtumii Mama bili yake mwenyewe. Bili inatoka kwa kampuni ya stima, ikiwa na nembo yake. Muuzaji pia hangoji Mama alipe: kampuni ya stima inalinunua deni lile kwa kukata asilimia ndogo, inampa muuzaji pesa yake, kisha inamdai Mama yote. Mama akishindwa, anayekuja kukata umeme ni kampuni ya stima, si muuzaji. Yaani muuzaji anapanga bei anayotaka na wala hana wasiwasi kama mteja ataiweza, kwa sababu kazi ya kudai na ya kutisha imefanywa na mwingine. Katika biashara gani nyingine duniani mtu anamuuzia ajuza asiye na pesa kwa bei ya juu kuliko jirani, na bado analipwa?

Kuna la pili. Punguzo la Mama linakokotolewa kwenye bili nzima, na pesa za kulifidia hutoka kwa wateja wengine wote kupitia bili zao. Bei ya Mama ikipandishwa, punguzo nalo linavimba, na pengo linazibwa na mimi, na wewe Mheshimiwa, na jirani ambaye hajawahi kumfungulia mlango muuzaji yeyote. Kadhalika msaada wa majira ya baridi anaopewa alipie umeme: sehemu yake inaishia mfukoni mwa aliyemdanganya. Mmeweka ndoo ya kuwatekea maji maskini, na mtu ametoboa tundu chini.

Kati ya Novemba 15 na Machi 15 sheria yenu inazuia kumkatia umeme mtu aliye katika hali ya Mama. Nawashukuru kwa hilo kwa dhati, limeokoa watu. Lakini deni halilali. Linajikusanya gizani, kwa bei ya muuzaji, na Machi 16 linaamka.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Biashara hii haikuota yenyewe kama uyoga. Iliundwa na sheria ya mwaka 1997 ya kupanga upya sekta ya umeme, iliyoanza kufanya kazi Machi 1998, na naamini walioitunga walikuwa na nia njema. Walitenganisha mwenye nyaya na mwenye umeme, wakisema ushindani utashusha bei. Kwa viwanda na mashirika makubwa yenye mtu wa kusoma mikataba, huenda umefaa, na siwaombi muwaguse hao. Kwa nyumba, ushindani ulikutana na ukuta ambao watunga sheria hawakuuona: kampuni ya stima hairuhusiwi kutengeneza faida kwenye umeme wenyewe. Inaununua kwa zabuni na kutuuzia kwa gharama ile ile. Sasa wewe muuzaji wa pembeni, unayenunua kwenye soko lile lile, unayemlipa kijana wa mlangoni kwa kila kichwa, unayetaka faida, utaniuziaje mwaka baada ya mwaka kwa bei ya chini kuliko anayeniuzia bila faida? Inawezekana mara moja moja, kwa bahati ya majira. Kama kazi ya kudumu inahitaji mteja asiyetazama.

Ndiyo maana sina imani na dawa mnayopendekezewa kila mara, ya "kuelimisha mteja". Mimi ndiye elimu hiyo. Ndiye ninayeketi kwenye ile meza kila Jumapili. Nimeeleza habari ya jina geni mpaka nimechoka, nimeimba kwenye kundi letu la WhatsApp, na bado kila mwezi inakuja bahasha mpya. Biashara inayoishi kwa mtu kutosoma bili yake itamtafuta asiyesoma popote alipo, na siku zote atakuwepo: mgeni aliyefika juzi, mzee anayesahau, mtu wa kazi mbili. Nikimfundisha mmoja, kijana anavuka barabara.

Na yule kijana, kwa njia, simchukii. Nilikutana naye tena miaka miwili baadaye, akiendesha gari la kupeleka vifurushi. Aliniambia walikuwa wakiamriwa kurudi na idadi fulani ya bili kwa siku, na wale wenye lugha nyingi walipangiwa majengo ya wageni. Aliacha alipotumwa kwenye jengo la shangazi yake.

Wauzaji watawaambia wanatupa uhuru wa kuchagua. Tena wataleta mfano wa majira ya baridi ya 2022 na 2023, na nataka niutaje mimi kabla yao, maana ni kweli. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gesi, na sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na gesi. Bei ya msingi, yaani ile ya kampuni ya stima yenyewe, ikaruka kwa wateja wa kampuni ya stima ya National Grid hadi karibu senti 34 kwa uniti Novemba 2022. Waliokuwa wamefunga bei nafuu kwa muda mrefu kabla ya hapo waliponea. Nawajua wawili. Lakini msimu mmoja wa kupona haufuti miaka ya kutozwa, na ulinzi kama ule unaweza kupatikana bila mtu kubisha mlango.

Miji na vitongoji vya jimbo hili huweza kuwanunulia wakazi wake umeme kwa pamoja. Eneo la Cape Cod lilianza zamani, sheria ile ya 1997 ikiwa bado mbichi, na Boston ilianzisha mpango wake mwaka 2021. Mji unatangaza zabuni, una wataalamu wa kusoma mkataba, bei inajulikana hadharani, na asiyetaka anajitoa bila faini. Kwetu sisi hiyo inaeleweka haraka, maana ni kama chama: mkiwa wengi dukani, mwenye duka anapunguza. Ninaiunga mkono. Ila aliyekwisha kusainishwa na muuzaji wa mlangoni haingizwi kwenye mpango wa mji moja kwa moja, kwa kuwa anahesabiwa kuwa ameshachagua. Mama, kwa mujibu wa makaratasi, amechagua.

Wengine watakuja na umeme wa kijani. Watu wengi hapa walisaini kwa sababu waliambiwa umeme wao utatoka kwenye upepo na jua, na ni watu wanaojali dunia kwa kweli, wala siwacheki. Lakini umeme unaofika kwenye soketi ni ule ule wa gridi. Anachokununulia muuzaji ni cheti, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba umeme safi ulizalishwa mahali fulani, na mara nyingi ni cheti cha bei rahisi cha upepo uliovuma jimbo la mbali, kwenye mitambo ambayo ingejengwa hata kama usingesaini. Anayetaka kulipia umeme safi apewe njia ya wazi, kupitia mpango wa mji wake.

Wala msiogope kwamba mtakuwa wa kwanza kuthubutu. Connecticut ilipiga marufuku bei za kupanda na kushuka kwa wateja wa majumbani mwaka 2015. Illinois ilitunga sheria ya kuwabana wauzaji hawa 2019, ikaanza Januari 2020, na bei ya kampuni ya stima ikawekwa kwenye bili ili mtu alinganishe. New York iliamua mwaka 2016 kuwazuia wauzaji hawa wasiwaguse wenye kipato cha chini. Wauzaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya jimbo lile ikasema tume ya huduma za umma ina mamlaka ya kuwawekea wauzaji masharti ya bei. Desemba mwaka huo huo tume ikabana zaidi: ukitaka kuuzia nyumba, hakikisha mteja anaokoa pesa, au bei yako isiyobadilika isipite asilimia 5 juu ya wastani wa kampuni ya stima. Maryland nayo imetunga sheria ya kuwabana 2024, na vifungu vyake vingi vimeanza kufanya kazi mwezi huu huu ninaoandika. Gazeti la Wall Street Journal lilipiga hesabu ya majimbo yaliyofungua soko na kukuta wateja wa majumbani wa wauzaji wa rejareja walilipa dola bilioni 19.2 zaidi katika miaka ya 2010 hadi 2019. Gazeti la wafanyabiashara, si la wanaharakati.

Na ninyi? Idara ya Huduma za Umma, inayosimamia kampuni za stima, ilifungua uchunguzi wa biashara hii Januari 2019. Mwaka jana Seneti ilipitisha kifungu cha kusitisha mikataba mipya ya nyumba moja moja ndani ya mswada wa tabianchi. Bunge la Wawakilishi halikukubali, na sheria iliyotiwa saini Novemba 2024 ikatoka bila kifungu hicho. Mle ndani mna mambo mazuri mengi kuhusu betri na vituo vya kuchajia magari. Wengi wa wanaoniletea bahasha hawana gari.

Waheshimiwa wawakilishi, nimesikia kwamba wengi wenu mngependa kurekebisha kuliko kufunga: leseni kali zaidi, faini kubwa zaidi. Nawaheshimu, lakini niambieni faini ipi itafanya hesabu ya bei iende upande mwingine. Muuzaji mwaminifu kabisa, asiyedanganya hata neno moja, bado ananunua kule kule na bado anahitaji faida. Fungeni mikataba mipya ya nyumba moja moja. Iliyopo iishe kwa tarehe mtakayoipanga, bila mtu kutozwa faini ya kutoka, na bila mkataba wowote kujiendeleza wenyewe. Mipango ya miji ibaki, na ipewe nguvu.

Mkishindwa kulifanya hilo katika kikao hiki kilichoanza juzi, kuna mambo ambayo Idara ya Huduma za Umma haipaswi kuyangojea. Namba ya akaunti isiwe ufunguo: mteja aweze kupiga simu moja kwa kampuni ya stima na kusema akaunti yangu isihamishwe na mtu yeyote, na wenye punguzo la kipato cha chini wafungiwe hivyo tangu mwanzo bila kuomba. Bei ya muuzaji na bei ya msingi zikae pamoja ukurasa wa kwanza, kwa tarakimu kubwa, na chini yake kiasi ulichozidishiwa mwezi huo kwa dola. Si senti kwa uniti. Kwa dola, kama mtu anavyodaiwa dukani. Lugha aliyouzia muuzaji iwe ndiyo lugha ya mkataba, na rekodi ya mazungumzo yote ihifadhiwe, siyo zile yes tatu za mwisho peke yake. Na kampuni ya stima isiruhusiwe kumkatia mtu umeme kwa ajili ya deni linalozidi bei ya msingi. Hilo la mwisho likipita peke yake, naamini nusu ya wauzaji watahama jimbo kabla ya majira ya joto, kwa sababu watalazimika kuwadai wateja wao wenyewe.

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, kwako nina ombi dogo. Ofisi yako ina namba ya malalamiko na watu wema sana wanaoipokea. Nimewapigia. Lakini Mama hawezi kupiga. Tuma mtu mmoja aje akae nami pale mezani Jumapili moja tu, na mashine ya kunakili. Nitamletea chai. Ataondoka na bili nyingi kuliko atakazokusanya kwa simu katika mwezi mzima, zikiwa na majina na tarehe, na wenye bili wakiwa wameketi mbele yake tayari kueleza aliyebisha alikuwa nani na alisema nini.

Wiki iliyopita nilimsaidia Mama kuandika barua ya kujitoa. Tulipiga simu pia, tukangoja dakika 40 tukisikiliza muziki, na aliyepokea alimuuliza mara tatu kama ana hakika anataka kupoteza bei yake maalumu. Mama aliniuliza maalumu ni nini. Hatimaye walikubali. Lakini mabadiliko hayafanyiki siku unayoomba. Yanafanyika mita inaposomwa tena. Ya Mama itasomwa wiki ya kwanza ya Februari. Mpaka hapo, kwenye baridi hii, kila uniti anayowasha analipia bei ile ile, na ameanza kuzima taa ya ngazini usiku.

Wenu,
Msomaji wa bili, meza ya nyuma, Lowell